Nzi Aliyevaa Shati la Nyuki

Kwa miaka ishirini na saba, kazi ya Mkaguzi ilikuwa kukataa. Alisimama mwisho wa meza ndefu ya kiwanda cha mashati, chaki nyekundu mkononi, na kila shati lililopita mbele yake lilikuwa na hatia mpaka yeye aseme vinginevyo. Kola ikipinda, chaki. Kifungo cha tatu kikikaa nyuzi mbili chini ya mstari, chaki. Washonaji walimwogopa kuliko meneja, maana meneja alibembelezeka.

Kiwanda kilipofungwa, chaki iliisha lakini jicho halikustaafu. Harusini alikagua pindo la gauni la bibi harusi. Msibani alijitahidi kuinamisha kichwa, akaishia kukagua mishono ya mikeka. Majirani walimpenda, ila walimpenda zaidi akiwa ameketi mbali kidogo. Wanawe, kila mmoja katika mji wake, walimpigia simu Jumapili, na wakimsikia tu akianza, "Sivyo, mwanangu," walikumbuka kwamba chaji inaisha.

Basi tangazo lilipobandikwa kwenye mlango wa maktaba kwamba wanatafutwa watu wenye macho na subira, cheti si lazima, Mkaguzi alilisoma mara moja tu akaingia ndani kujiandikisha. Alipotoka alirekebisha tangazo lenyewe, maana lilikuwa limebandikwa kombo.

Kazi ilikuwa hivi. Mtafiti, binti mwembamba kutoka chuoni, alikuwa ametega kamera ndogo kwenye maua ya mashamba na bustani zinazouzunguka mji. Mdudu akitua, kamera inampiga picha. Picha zilikuwa zimefika elfu thelathini, na Mtafiti ana macho mawili. Alitaka kujua jambo moja: nyuki wa hapa wanapungua au hawapungui? Watu wa mji wangetazama picha na kuandika kama ni nyuki, ni nzi, au ni mdudu mwingine. Kila picha ipitiwe na watu watano, kila mtu peke yake, bila kuulizana.

Sharti hilo la mwisho lilidumu wiki moja.

Kikundi kilikuwa cha watu sita, kila Jumamosi asubuhi katika chumba cha nyuma cha maktaba, penye harufu ya gundi na vitabu vilivyonyeshewa. Walikuwepo mkutubi, ambaye ndiye katibu, fundi baiskeli, kinyozi, Mkaguzi, na wifi yake, dada wa marehemu mumewe, ambaye kazi yake ni ususi. Mwenyekiti hakuchaguliwa. Alikuwepo tu, kama ukuta: Mwalimu Mstaafu, aliyewafundisha hesabu karibu wote waliokuwemo humo.

Mwalimu aliona si ustaarabu watu wazima kukaa na kompyuta migongo imegeukiana kama waliogombana. Akaleta projekta. Picha ikatupwa ukutani, Mwalimu akaitazama, akakohoa kidogo, akasema, "Nyuki." Watu wakaitikia, "Nyuki," kisha kila mtu akaandika nyuki kwa jina lake. Kazi ikaenda mbio. Mwalimu akaandika ubaoni kwa mwandiko wake mzuri: Makubaliano, asilimia mia.

Ingekuwa mia kweli kama si mtu wa kiti cha nyuma.

"Sivyo," alisema Mkaguzi.

"Nini sivyo, mama?"

"Huyo si nyuki, Mwalimu. Nyuki ana mabawa manne, huyo ana mawili. Tena macho yamemjaa kichwa kizima. Huyo ni nzi aliyevaa shati la nyuki."

Fundi baiskeli alicheka, akamwona Mwalimu, akaacha. Chini ya meza, wifi alimkanyaga Mkaguzi mguu. "Wifi, Mwalimu ameshasema."

"Nimemsikia. Na mdudu nimemwona."

"Hata siku ya harusi yangu ulisema mkono mmoja wa gauni ni mrefu."

"Ulikuwa mrefu."

"Gauni limeshakuwa pazia, wewe bado unalipima."

"Na pazia nalo limeninginia upande."

Akaandika nzi. Kwa miezi minane aliandika nzi pale wenzake walipoandika nyuki, na asilimia ya ubaoni ikawa inachechemea, tisini na saba, tisini na sita. Mwalimu, ambaye hajawahi kuvumilia daftari lenye doa, alivumilia hadi akashindwa. Jumamosi moja alimsindikiza Mkaguzi mpaka mlangoni, na upole wake ulikuwa mbaya kuliko ukali.

"Mama, wiki ijayo Mtafiti anakuja. Tutazungumza naye kuhusu nafasi yako. Pengine ungependa kupumzika."

Hakuna aliyejua kwamba Jumamosi ndiyo siku pekee Mkaguzi alipoamka kabla ya saa kulia, akapiga pasi kitenge, akawa na mahali pa kuwahi. Hakumwambia mtu. Badala yake alijaribu kujifunza kukubali. Dukani alipewa mfuko wa unga uliopasuka pembeni, akashukuru. Wifi alikuja na mtindo mpya wa nywele, mstari wa katikati ukienda kombo kama njia ya mbuzi. Mkaguzi akameza mate, akasema, "Umependeza."

Wifi akamgusa paji la uso kuona kama ana homa.

Jumamosi ikafika. Mtafiti aliingia, akawaamkia wakubwa wote mmoja mmoja, akakaa bila kufungua mkoba wake. Mwalimu akasimama kueleza shida: kikundi kinaelewana vizuri sana, isipokuwa yupo mwenzao mmoja, mama wa heshima kabisa, ambaye anaharibu takwimu.

"Takwimu ndizo zilizonileta," alisema Mtafiti. "Kwa hesabu zenu, nyuki wameongezeka mara mbili."

Kinyozi alianza kupiga makofi.

"Ngoja kwanza. Nimekwenda kwenye mashamba yenyewe. Maua yapo, nyuki wa kuhesabu kwa vidole. Nikadhani mtu mmoja amejaza majina ya watu wote, nikapanga kuja kuwaambia tunaacha. Kisha nikaona yupo anayekataa. Nikachukua picha mia alizokataa, nikampelekea bingwa wa wadudu chuoni. Mama amepatia sitini na moja."

"Na zile thelathini na tisa?" Mwalimu aliuliza haraka kuliko alivyokusudia.

"Amekosea. Nyuki akikunja mabawa, la mbele na la nyuma hushikana kwa vikulabu vidogo. Manne yanaonekana mawili."

Masikio ya Mkaguzi yakapata moto. Miaka ishirini na saba, hakuna aliyewahi kumtia yeye chaki. "Thelathini na tisa," alisema polepole.

"Maskini mashati ya watu," wifi akanong'ona.

Mtafiti sasa alikuwa amesimama, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeliamini jambo tangu zamani bila kupata wa kumwambia. "Sikuja kutafuta watu wasiokosea. Hata bingwa hukosea. Watu watano wakikosea kila mmoja kivyake, kosa huonekana. Wakikosea pamoja kwa kuheshimiana, kosa linaandikwa kuwa kweli, na nyuki wanakwisha huku tunashangilia. Nimewaomba macho yenu kwa sababu ni jozi sita. Adabu ni nzuri, lakini mdudu hana habari nayo."

Mwalimu alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa tena. "Yaani," alisema, "nimekuwa nikiwapa darasa zima majibu." Akaenda mwenyewe akachomoa waya wa projekta. Kisha, kwa kuwa uenyekiti ni uenyekiti, akatoa hoja: picha zote zirudiwe tangu ya kwanza, kila mtu na kompyuta yake, na mama abaki.

"Tumekubaliana?"

Mikono ikapanda: wa Mwalimu, wa mkutubi, wa fundi baiskeli, wa kinyozi. Mkaguzi alitazama meza. Wifi hakuinua mkono.

"Mimi nakataa," wifi alisema.

Watu wote wakageuka.

"Nakataa abaki. Si kwa ubaya, wifi yangu. Miezi minane nimekubali kila kitu. Nilitaka tu nijue kukataa kunakuwaje."

"Kunakuwaje?" Mkaguzi akamuuliza.

Wifi akafikiri. "Moyo unadunda."

Kalamu ya mkutubi ilikuwa imesimama hewani. Alimtazama Mwalimu, Mwalimu akamtazama Mtafiti, na kila mmoja alionekana kusubiri mwenzake alifute jambo hilo kistaarabu.

"Usiliache hivyo hivyo," Mkaguzi alimwambia mkutubi. "Andika. Wanne wamekubali, mmoja amekataa."