Kwenda Mamba Kuchoma Nguo za Kafa Ulaya

Nilikwenda Mamba kwa sababu ya barua niliyoipiga chapa kwa mikono yangu mwenyewe. Nilikuwa karani katika ofisi moja ya wilaya pale Mpanda, miaka ya sabini ikielekea ukingoni, wakati ambapo mtu akiona foleni alijiunga kwanza, akauliza baadaye kinachouzwa ni nini. Mkubwa wangu, Bwana Kinyogoli, alikuwa amesikia kwamba kanisa la Mamba limepokea marobota manne ya nguo kuukuu kutoka ng'ambo. Nguo hizo tuliziita kafa Ulaya, kwa imani kwamba mwenyewe alifia huko ndipo koti lake likapata nauli ya kuja kwetu. Bwana Kinyogoli alisimama dirishani, mikono nyuma, akanitajia neno kwa neno: nchi inayolima pamba haiwezi kuvaa maiti. Niliiona ni sentensi nzuri. Nikaipigia mstari.

Kisha akasema tutakwenda wenyewe kuzichoma hadharani, wananchi wapate fundisho.

Heri niseme ukweli wangu mapema. Shati nililovaa siku ile nikiipiga barua ile lilikuwa kafa Ulaya. Nililinunua kwa mtu aliyetoka Kigoma, mke wangu akalikata lebo ya shingoni, na ofisini nikasema ni zawadi ya shemeji. Nadhani nusu ya ofisi ilikuwa na mashemeji wa namna hiyo.

Jumanne alfajiri tuliondoka Mpanda kwa Land Rover. Tulikuwa watatu: Bwana Kinyogoli mbele, dereva wetu Rajabu kwenye usukani, na mimi nyuma nikikumbatia debe la mafuta ya taa. Debe lilitoka stoo ya kisomo. Lilikuwa limetengwa kwa taa za watu wazima wanaojifunza kusoma jioni wakitoka shambani. Niliambiwa niandike kwamba limetumika kwa elimu. Nikaandika.

Saa tatu tulifika Sitalike. Mto Katuma ulikuwa umepungua maji, na viboko walikuwa wamesongamana topeni, wakubwa kwa wadogo, uchi wote, bila haya. Bwana Kinyogoli aliwatazama lakini hakuwa na la kuwahutubia. Baada ya hapo tukaingia msituni, na mbung'o wakaingia garini. Walinipita mimi, wakampita Rajabu aliyevaa kaki, wakaenda moja kwa moja kwa Bwana Kinyogoli, ambaye kwa heshima ya safari alikuwa amevaa suti mpya ya Kaunda, bluu iliyokolea. Walimuuma mabegani, wakamuuma mapajani, na alipojipiga kofi huku, wakahamia kule.

"Mzee, wadudu hawa wanapenda bluu," Rajabu alisema. "Hata watu wa kizuizi cha mbung'o wanajua."

"Hii ni suti ya kitambaa cha hapa hapa nchini!"

"Na wao ni wa hapa hapa, mzee."

Nikainamia debe langu nisionekane uso.

Mchana tulipumzika Usevya. Mzee mmoja aliyemfahamu Rajabu alitukaribisha kwake ugali na kambale mkavu. Alipotuuliza tuendako, Bwana Kinyogoli akamweleza kwa ufasaha wote wa ofisi. Mzee akasikiliza akiwa ameshika tonge.

"Mnakwenda kuchoma nguo," alisema. "Zina ugonjwa?"

"Zina aibu, mzee wangu."

"Ahaa." Akachovya tonge, akalila, akamaliza kutafuna kabisa. "Na aibu hiyo, Bwana, ni ya kuambukiza?"

Bwana Kinyogoli akaomba maji ya kunawa. Tulishukuru kwa chakula tukaondoka.

Jioni tulifika Mamba. Mpunga ulikuwa umeshavunwa, majaruba yamebaki na mabua, na kengele ya kanisa ilikuwa ikilia. Tulilala kwa mwenyekiti wa kijiji. Kabla ya kulala nilipita duka la kijiji kununua kiberiti cha kuchomea nguo. Duka lilikuwa na mizani, kaunta iliyofutwa vizuri na muuzaji mpole sana. Kiberiti hakikuwepo. Nguo alikuwa hajaiona tangu mvua za mwaka wa juzi.

Jumatano, saa nne asubuhi, mkutano ulianza mbele ya kanisa. Wanaume walijaa upande mmoja. Wanawake walikuja wachache, kama thelathini hivi, wakakaa mbele kabisa. Bwana Kinyogoli alizungumza kwa muda mrefu juu ya heshima ya taifa. Alipomaliza, wanawake wakapiga makofi, kisha wakainuka wote kwa pamoja wakaondoka mbiombio.

"Umeona," aliniambia, jasho likimtiririka. "Wamewashwa moto. Wanakwenda kuleta nguo wenyewe."

Haikupita nusu saa wanawake wakarudi, wakakaa palepale mbele, mikono mitupu, wakatulia kama watu wanaosubiri kuanza. Bwana Kinyogoli akawakodolea macho.

"Nyie tena? Nyie si nimeshawahutubia?"

Wakatazamana. Mmoja aliyevaa kanga nyekundu yenye ndege akasema kwa adabu, "Sisi hatujasikia, Bwana Afisa."

"Hamjasikia! Wewe mwenye ndege, si ulikaa hapo hapo? Si ulinipigia makofi?"

"Aliyekupigia makofi ni wifi yangu. Mimi nilikuwa ndani nangoja kanga hii hii; tunayo moja."

Wanaume walitazama ardhi. Yule dada hakuona haya hata kidogo. Alikuwa amejibu swali aliloulizwa.

Hapo ndipo akasimama Mama Sebastiani. Alikuwa mjane wa makamo, mfupi, mwenye kidole gumba kilichoota sugu ya mkasi. Ndiye aliyekuwa mshonaji wa kijiji, na ndiye ambaye kanisa lilimkabidhi yale marobota.

"Bwana Afisa, hata kisomo tunakwenda hivyo hivyo," alisema. "Leo huyu, kesho wifi yake. Wenzenu wakaja, wakahesabu, wakaandika kwamba wanawake wa Mamba ni wavivu, leo wanaonekana, kesho hawaonekani. Tulisomewa barua hiyo hapa hapa."

Barua hiyo nayo niliijua. Niliipiga chapa mimi.

Bwana Kinyogoli alikohoa, akasema hata hivyo amri ni amri, tupelekwe yalipo marobota. Tukafuatana hadi nyumbani kwa Mama Sebastiani, kijiji kizima nyuma yetu, mimi na debe langu begani.

Marobota mawili yalikuwa yameshafunguliwa. Nilitegemea kukuta rundo linalonuka, nikakuta karakana. Kulikuwa na cherehani ya mkono, na wanawake watano sakafuni wakifumua na kushona. Koti zito la mtu mrefu lilikuwa limelazwa mkekani limechorwa kwa kipande cha mkaa: hapa makoti mawili ya watoto, hapa kofia, huku bitana litoe gauni la kichanga. Sweta lililotoboka lilifumuliwa, uzi ukaviringwa mabonge. Vifungo vilikaa kwenye kibuyu. Vipande visivyoweza kumvika mtu vilikuwa viraka vya magunia ya mpunga, na vilivyobaki baada ya hapo vilisokotwa tambi za vibatari. Nikachungulia nyuma ya nyumba kutafuta jalala, kwa kuwa kila nyumba ninayoijua ina jalala. Nilikuta maganda ya muhogo na mbuzi akiyala.

"Sasa, mama," Bwana Kinyogoli alisema, "huoni haya kumvika mtoto wetu nguo ya mtu aliyekufa?"

Mama Sebastiani hakuacha kukata. "Wewe baba yako alipofariki, shamba lake mlilichoma?"

"Shamba ni kitu kingine."

"Hii nayo ni shamba, mwanangu. Mimi nimelima pamba Usukuma kabla sijaolewa huku. Najua shati moja linakula ardhi kiasi gani, na maji, na migongo ya watu. Limeshakula vyote hivyo. Unataka nilitupe kwa sababu mwenyewe amelala?" Akaweka mkasi chini. "Lakini wewe ni serikali. Choma. Ila ukichoma, ondoka na karatasi hii, uibandike ofisini."

Akampa ukurasa wa daftari. Yalikuwa majina ya wanawake, kila moja kwa mwandiko wake, mengine makubwa kama ya mtoto, mengine yakipanda mlima, moja limeandikwa na kufutwa mara tatu. Juu yake, kwa mwandiko ulionyooka kidogo: *Sisi ndio tutakaokaa ndani.*

Niliishika karatasi ile kwa sababu Bwana Kinyogoli hakutaka kuipokea. Nikalitua debe, nikalikalia nipate kuisoma. Naapa sikupanga kufanya ushujaa; majina yalikuwa mengi tu. Lakini kwa kuwa nilikuwa nimelikalia, hakuna aliyeweza kulifungua.

Bwana Kinyogoli alizunguka chumba. Nilimfahamu vya kutosha kujua kwamba hakuwa akiwaza habari za kanga. Alikuwa akihesabu yale majina, kama mtu anayejaza ripoti ya kisomo.

"Hawa wote wamejua kuandika?" aliuliza.

"Wote," Mama Sebastiani alisema. "Kwa zamu."

Akashika pindo la lile koti, akalitazama kwa muda. Kisha uso wake ukafunguka.

"Kwa hakika," alisema, "hizi si nguo."

"Ni nini, mzee?" Rajabu aliuliza kutoka mlangoni.

"Ni malighafi."

Rajabu akatoka nje kwenda kukohoa.

Alhamisi tulirudi Mpanda. Debe tuliliacha Mamba kwa taa za kisomo, kwa hiyo maandishi yangu ya uongo yakageuka kuwa kweli bila mimi kujitahidi. Bwana Kinyogoli alipita kwenye mbung'o akiwa amejifunika kitenge cha mke wa mwenyekiti, huku akinitajia ripoti: mradi wa ushonaji wa malighafi mseto, ulioanzishwa chini ya uongozi wa ofisi hii. Nilipopiga chapa nililiingiza jina la Mama Sebastiani. Akalikata kwa kalamu nyekundu, akisema kwamba katika kazi za umma mtu mmoja mmoja hatajwi. Jina lake yeye lilitokea mara nne.

Miezi michache baadaye nilirudi Mamba pamoja na wakubwa waliokuja kuuona mradi. Safari hiyo kulikuwa na bango la kukaribisha wageni, kitambaa kipya kabisa cheupe, doti nzima na zaidi, kimeandikwa KARIBU MGENI RASMI. Kitambaa hicho kilipatikana siku moja tu baada ya kutakiwa. Wageni walikaa nusu saa, wakapiga picha, wakaondoka na vumbi lao. Mama Sebastiani akalishusha bango, akalipima kwa kiganja.

"Kipya," alisema. "Na kazi yake imekwisha kabla hakijapata jasho. Halafu nyie mnaona aibu ya hizi zangu."

Nilichojifunza ni hicho, na alinifundisha yeye: uchakavu hauko kwenye kitambaa kilichofanya kazi. Tangu siku ile sikukata tena lebo ya shati, na shemeji yangu nikamwacha apumzike.

Kabla hatujawasha gari, mkasi ulikuwa umeshapita kwenye bango. Nasikia wiki iliyofuata kulikuwa na watoto sita waliovaa nyeupe pale kijijini, na mdogo kuliko wote, mtoto wa yule dada wa kanga ya ndege, alitembea Mamba nzima na neno RASMI makalioni, akila muwa, na wanawake wote, wa zamu zote mbili, wakitoka nje kwa pamoja, kila mmoja na nguo yake, kumwangalia.