Bibi wa Katuni Anayeinuka Kama Mavyaa Wangu

Mpaka leo mtu akitaja katuni mbele ya watu wa nyumbani kwetu, mimi hujifanya nimeitwa jikoni, na nyinyi chekeni tu, hamjui nilivyoadhirika.

Jirani yetu hapa Hail, Omani, ni Mhindi, Suresh, mchana anauza vigae, akirudi anachora filamu za katuni peke yake, na hakuna aliyemfundisha, kajifunza kwa kuchora na kufuta (mkewe anasema zaidi kufuta). Siku moja wamekuja wote wawili, yeye na simu mkononi, ana bibi wa mji wa Qurayyat katika filamu yake, mbuzi kapotea, bibi ainuke chini akamtafute, na kila akimchora anainuka kama askari. Anataka mtu ainuke, amrekodi, kisha achore picha moja moja kwa kufuata. Ningeinuka kama mimi, yangekwisha. Lakini mavyaa wangu, mama wa mume wangu Salim, hakuwepo, na kichwa kikanituma nimuige yeye mzima mzima: mkono gotini, “Ya Rabbi” ndefu, leso ikakazwa, kisha kutazama nyuma kama aliyesahau kitu. Suresh na mkewe walicheka mpaka wakalia, nami nikavimba kichwa.

Na mjue nilikuwa mkamwana mpya. Ndiyo kwanza mama ameanza kuniita “mwanangu” badala ya “mke wa Salim”, na neno hilo nililipenda kuliko dhahabu zangu za harusi.

Filamu ilipokuwa tayari Suresh akatualika ukumbini, Maskati. Nikajitia nimesahau kumwambia mama, kumbe Suresh kapita mwenyewe kumwalika. Tukawekwa mstari wa mbele (kwa heshima ya mama), taa zikazimwa, bibi akatokea, mkono gotini, “Ya Rabbi”, na mimi jasho linanitoka ndani ya kiyoyozi. Nikajua lile “mwanangu” ndilo limekwenda. Mwisho Suresh, kwa moyo wake mzuri, akatangaza kwamba bibi kaigizwa na jirani yake Zuwena, asimame tumwone.

Nikainama kama natafuta kiatu. Aliyesimama ni mama. Mkono gotini, “Ya Rabbi”, leso, akatazama nyuma, na ukumbi mzima ukaangua kicheko. Akangoja wanyamaze.

“Mwanangu kaniiga sawasawa,” akasema. “Lakini nikitazama nyuma sijasahau kitu. Nnatazama nani ananiiga.”

Nililia, siwafichi, sijui kwa haya au kwa lile “mwanangu”.

Basi nimeapa sitamuiga tena mtu ninayekula naye sinia moja. Ila nimechelewa. Suresh sasa anachora filamu ya mkamwana anayeunguza wali, na jana nimerudi kazini nikawakuta sebuleni, yeye na mkewe na ile simu, na mama kasimama katikati na sufuria, anapepea moshi usiokuwepo kwa upindo wa kanga, huku anaita, “Salim, usije huku, hakuna kitu.”

Nilitaka kukasirika, lakini ndivyo nisemavyo, neno kwa neno.