Mtu Mmoja Gatini

Nilijifunza kuchora peke yangu, na mpaka leo naogopa mtu akiisogelea picha yangu. Mgiriki mmoja mzee hakuijali hofu hiyo. Ilikuwa miaka ile serikali ilipowanyang'anya wageni maduka, na la kwake lilikuwa limeshapewa mtu mwingine. Alikuwa anakwenda kuishi kwa mtoto wake, Afrika ya Kusini. Katika mji aliozaliwa hakuwa na mtu wake tena, kwa hiyo alitaka nimchoree mji huo, aende nao.

Hakuwa na picha hata moja. Alikaa barazani kwetu, mtaa wa Ruashi, akasimulia, nami nikachora juu ya kitambaa cha mfuko wa unga. Mji mdogo wa kisiwani, nyumba zimepandana mlimani. Wanaume walipiga mbizi kutafuta sponji za baharini, na fedha ya sponji ikajenga zile nyumba za rangi. Wengi walirudi kutoka kilindini miguu imepooza. Kisha biashara ikafa, vijana wakasafiri. Yeye alifika huku kwetu, Kasenga, kununua samaki. Kule kisiwani wanawake walibaki wakigombana dirisha kwa dirisha, ila meli ikiingia wote walinyamaza, watazame nani anashuka.

Nilijaza wanaume gatini. Nilijivunia sana.

"Abo ni banani?" akauliza.

"Bantu ya muji, Muzee."

"Bwanaume bote balikwenda. Ubatoshe."

Nikawafunika kwa rangi ya mawe. Aliporudi kesho yake, alilitazama gati tupu mpaka chai yake ikapoa.

"Rudisha mumoja," akasema. "Anashuka ku meli. Anarudi."

Nikachanganya rangi upya.

Zilibaki siku nne asafiri. Nilimchora, nikamfuta. Mabega yalikuwa ya kijana mno. Mara nyingine alionekana kama anaondoka. Rangi ilirundikana pale mpaka ikawa kama kovu. Mama alipita na ndoo ya maji, akacheka.

"Ule muzungu atafika kwa mutoto wake, weye ungali unamuvalisha suruali."

Asubuhi ya safari nilimpata: mguu mmoja melini, mwingine gatini. Lakini rangi ilikuwa mbichi, na ule mguu wa gatini haukuniridhisha. Niliifunga picha kwa gazeti ili asiuone mbele yangu, nikakimbia. Nilimkuta tayari ndani ya gari.

"Alisha kurudi?" akaniuliza dirishani.

"Alisha kurudi, Muzee."

Akaipokea, akaikumbatia kwa mikono miwili, gazeti likagandamana na kitambaa. Nililiona hilo. Neno moja tu, kwamba rangi haijakauka, lingetosha. Lakini angeifungua palepale, na angeuona ule mguu. Nikanyamaza. Gari likaondoka.

Nimechora magati mengine tangu siku ile. Kila nikifika kwa mtu anayeshuka, naliona lile gazeti likibanduliwa katika nyumba nisiyoijua, na ninajua linatoka na nani.