Ujumbe wa Kila Jumatatu

Fundi cherehani aliingia ofisi ya kompyuta ya hospitali ameshika simu ya marehemu mkewe.

"Binti yangu, mke wangu nilimzika mwezi wa tatu. Kila Jumatatu mnamwandikia asisahau kliniki. Huu ujumbe nimpelekee wapi?"

Dada Kompyuta, kama wauguzi walivyomwita, aliipokea simu akausoma ujumbe. Programu ya kutuma ujumbe huo ilikuwa yake, na kosa alilijua. Kila Jumatatu alfajiri ilichukua namba ya mgonjwa mmoja na kuitafuta kwenye orodha ya waliofariki, juu hadi chini, ili akiwemo asiandikiwe, kisha ikamchukua wa pili na kuanza upya. Kazi ya saa sita nzima, na ujumbe huondoka saa mbili asubuhi, upekuzi uishe usiishe. Upekuzi haukuwafikia kamwe wenye namba za mwisho, hata marehemu wao wakaandikiwa.

Mama wa Dada Kompyuta naye alikuwa mgonjwa wa kliniki, mwenye namba ya mwisho mwisho. Alifariki mwezi wa tano, na simu yake ilikaa kwenye mkoba wa binti, imejaa chaji. Jumatatu ikilia, "Mama, usisahau kliniki," basi kwa dakika moja binti alikuwa na mama. Ndiyo maana alimpiga bosi chenga miezi yote hiyo, eti kompyuta imezeeka. Kompyuta ya watu, masikini, ilisingiziwa bure. Dawa aliijua siku nyingi.

"Nipe hadi Jumatatu, baba," alimwambia fundi, macho chini.

Dawa yenyewe ilikuwa mistari minne. Kila namba ya marehemu aliipa kishubaka chake, kama faili za masjala. Sasa kompyuta haikupekua tena. Ilikwenda moja kwa moja kwenye kishubaka cha namba ya mgonjwa na kuangalia kama kuna kitu. Saa sita zikawa sekunde mbili. Kisha akaongeza mstari wa tano, wa kuiruka namba ya mama yake, ili aendelee kuandikiwa. Aliutazama sana. Akamkumbuka fundi na ile simu mkononi, akaufuta, na roho ikamuuma kwelikweli.

Jumatatu aliiweka simu mezani. Saa mbili ikafika. Saa mbili na robo. Kimya.

Bosi alichungulia mlangoni. "Vipi, imekubali?"

"Imekubali, bosi."

"Hongera! Sasa mbona unalia?"

"Imempata mama."