Mkulima Mmoja kwa Makarani Wawili

Gwamaka hatulii. Hata chai anainywa amesimama. Ndiye aliyetuandikia mfumo wa simu wa kupokea kakao hapa kikundini Bujonde, akiwa chumbani kwake Mbugani, na siku ile nilitamani kumrushia kikombe.

Kisa ni Bibi Andongwisye. Mfumo ulionyesha juzi kaleta kakao yenye ukungu. Mimi Shani, karani, ndiye niliyempokea, na kakao yake ilikuwa kavu, safi kabisa! Lakini kamati ilishika ya kwenye simu. Jioni hiyo wangekaa kumtoa kikundini, na aliyepiga kelele kuliko wote ni mwenyekiti, mzee Zebedayo, baba mzazi wa Gwamaka. Bibi wa watu alishinda nje, hali, hanywi. Roho iliniuma.

"Mfumo ni mzima," Gwamaka akasema, akizunguka chumba. "Nimejaribu mara kibao."

"Umejaribu peke yako, tena mbiombio kama unafukuzwa na nyuki!" nikamjia juu.

Akatuomba mimi na karani mwenzangu, Jubilate, turudie kazi ya juzi bila kuruka kitu. Jubilate akafungua ukurasa wa mkulima wa majaribio, akaweka simu chini, akachuchumaa, akaanza salamu za Kinyakyusa kama vile mzee yupo: mugonile, habari za nyumbani, migomba je, wajukuu je. Huku kwetu mzee hasalimiwi umekaa kitini, wala hasalimiwi juu juu. Wakati huo nami nikafungua ukurasa wa mkulima wangu kwenye simu yangu. Jubilate akainuka, akaandika ukungu, akahifadhi.

Ukungu ukaingia kwa mkulima wangu.

"Mama yangu weee!" Gwamaka akashika kichwa.

Akatueleza huku anatembea. Ndani ya programu yake ya Python alitengeneza kitu kimoja tu, kinachoundwa seva ikiwashwa, na simu zote zinakitumia hicho hicho. Humo ndimo alimoweka jina la mkulima aliyefunguliwa. Mimi nikifungua wangu, wa Jubilate anafutika. Akijaribu peke yake, hakuna wa kumfuta mwenzake.

"Jubilate, juzi ulipochuchumaa kusalimia, ulikuwa umemfungua nani?"

Jubilate akatazama sakafu. "Mzee. Baba yako. Kakao yake ilikuwa na ukungu, nikamwonyesha, nikaandika. Nilidhani imeingia kwake. Nani angemuuliza mwenyekiti kwa nini hatajwi?" Muda huo huo mimi nilikuwa nimemfungua Bibi.

Gwamaka akatoka, akarudi, akatoka tena. Kisha akafungua kompyuta akarekebisha, kila simu ibebe mkulima wake yenyewe. Tukajaribu tena na salamu zake zote, kila kipimo kikaenda kwa mwenyewe. Gwamaka angeweza kusema ni hitilafu tu, yaishe. Mzee ni mzee, tena ndiye aliyemsomesha.

Kikao kilipoanza, mzee Zebedayo akasema, "Aliyeleta ukungu atoke leo."

Gwamaka akasimama mlangoni. "Kosa la mfumo ni langu, nimeshalirekebisha. Bibi Andongwisye hana kosa." Akamgeukia mzee. "Ukungu ni wako, baba. Na ulijua."

Mzee akatazama mikono yake weee, kisha akanigeukia mimi.

"Andika, Shani. Zebedayo ametoka."

Akachukua kofia yake akapita katikati yetu. Gwamaka akamkimbilia hadi barabarani akimwita. Mzee hakugeuka.