Shavu Kwenye Udongo

Ilikuwa mwaka wa themanini na nne. Hapana, niseme vizuri: themanini na nne ni ule wa njaa, tulipokula mahindi ya manjano ya msaada. Hii ilikuwa themanini na sita. Mvua zilikuwa zimerudi, na Nasipwondi alikuwa ameshaolewa kijiji cha Kisian, kando ya ziwa, mtoto wake wa kwanza ameanza kutembea.

Kwao Bungoma hakuwahi kushika udongo. Lakini mama mkwe wake, Dorca, alikuwa mfinyanzi, na pale Kisian mke akiingia boma la wafinyanzi hufundishwa na mama mkwe, atake asitake. Alishika kazi haraka. Shida yake ilikuwa kwamba hakuweza kumaliza kitu bila kuuliza. "Mama, shingo iko sawa?" "Mama, nipunguze hapa?" Mpaka Dorca akamwambia mbele ya watu, "Na ukienda choo utakuja kuniuliza pia?" Wanawake wakacheka hadi wakashika mbavu.

Wafinyanzi wa pale huchoma pamoja. Vyungu vya nyumba kadhaa hupangwa lundo moja, vikafunikwa kuni na nyasi. Kimoja kikiingia na unyevu hupasuka, na vigae vyake vinavunja vya jirani. Ndivyo ilivyotokea. Chungu cha Nasipwondi kililia kama bunduki, kikaenda na mitungi ya Agneta, jirani yao. Agneta alisimama mbele ya majivu, mikono kiunoni.

"Huyu nyar Bungoma," akasema, maana yake binti wa Bungoma, "akipasua tena, atafute moto wake. Auwashe hukohuko kwao!"

Hakuna aliyemtetea, hata Dorca. Mfinyanzi asiye na moto wa wenzake hana kazi tena. Tangu siku hiyo Nasipwondi akawa anauliza maradufu.

Basi jioni, kabla ya kunawa, akawa anachukua udongo uliobaki na kuufinya ovyo huku akingoja uji wa mtoto uchemke. Kikatoka kijitu kidogo, kama kidole gumba. Akakiweka nyuma ya kabati. Kesho yake kingine, na kingine. Mumewe, Oduor, akaviona.

"Mama Walter, hivi ni vya nini? Watu wataanza kusema unaroga."

"Ni vya kucheza tu."

"Na mbona vyote vimegeuza shingo?"

Oduor akaenda zake. Nasipwondi akabaki amesimama. Ni kweli, kila kimoja kiliangalia nyuma ya bega, kama mtu aliyeitwa njiani. Hakuwa amekusudia. Akacheka, kisha kicheko kikamkauka mdomoni. Alijiona pale nyuma ya kabati, amepangwa mstari, akitafuta mtu wa kumwambia ndiyo.

Hapo akaikumbuka siku ya kupasuka. Mfinyanzi huweka tako la chungu shavuni kabla ya kukipanga; likiwa baridi, bado kina maji. Yeye aliweka, akasikia baridi. Akamuuliza Agneta, "Hiki kimekauka?" Agneta, bila hata kugeuka, akajibu, "Weka tu, mvua inakuja." Akaweka.

Kumbe shavu lilikuwa limejua. Kulijua hilo hakukumtuliza, kulimtisha zaidi. Sasa akikosea, atamlaumu nani?

Siku ya kuchoma ikafika, mawingu yakipanda kutoka ziwani na kila mtu ana haraka. Akavipima vyungu kwa shavu: vyake vikavu, vya Agneta vikavu. Akainua mtungi mkubwa wa mama mkwe. Baridi. Akageuza shavu la pili. Baridi.

"Unafanya nini na mtungi wangu?" Dorca akauliza.

"Mama, huu... huu una maji. Huku chini."

Agneta akapiga makofi. "Woi! Juzi alikuwa hajui mdomo wa chungu uko upande gani. Leo anamfundisha mama mkwe!"

Dorca akauchukua, akauweka kwenye shavu lake lililokunjamana. "Mimi nasikia mkavu."

Neno lilikuwa tayari ulimini mwa Nasipwondi: labda nimekosea, Mama? Akalimeza.

"Una maji, Mama. Ukiingia, mimi natoa vyangu. Nitatafuta moto wangu, kama Agneta alivyosema."

Radi ikanguruma mbali. Dorca akauweka mtungi kando kwenye nyasi. "Washeni," akasema, bila kumwangalia mtu.

Nasipwondi alisimama karibu na moto mpaka ukaisha, na kila ukuni ulipolia alishtuka. Hakuna kilichopasuka. "Bahati," akasema Agneta. Mtungi ule ukarudishwa ndani, ukakaa, ukachomwa safari nyingine, ukatoka mwekundu mzima na kuuzwa soko la Otonglo.

Nimepita Kisian mara nyingi tangu hapo. Nasipwondi alizeekea kwenye udongo, na siku hizi hamuulizi mtu. Nimemuuliza yeye, nikamuuliza Agneta, nikamuuliza hata Dorca kabla hajafariki, na hakuna aliyenijibu: siku ile, ule mtungi ulikuwa na maji kweli?