Alama Iliyokataa Kufifia

Kwa miaka ishirini na sita Mama Geuza alifanya kazi moja: aliwageuza watu. Alikuwa mhudumu katika wodi ya wanaume waliovunjika mifupa, na kila baada ya saa mbili alipita kitanda hadi kitanda, akaweka mkono mmoja chini ya bega la mgonjwa na mwingine chini ya nyonga, akasema, "Moja, mbili, haya!" na mwanamume wa kilo tisini akajikuta amelala ubavu kabla hajamaliza kulalamika. Jina alipewa na wagonjwa wenyewe. "Mama Geuza huyo anakuja," walinong'onezana, "jifanye umelala." Haikuwasaidia kitu, kwa sababu aliwageuza hata waliolala.

Akishamgeuza mtu, alikagua ngozi yake mahali mifupa inapojitokeza, yaani visigino, nyonga na mfupa wa mkia. Akiona pamepata wekundu, alichukua chupa ya spiriti na kopo la poda, akapasugua kwa kiganja mpaka pakapata joto. Alifundishwa hivyo na mhudumu aliyemtangulia, naye akawafundisha waliomfuata. Katika safu yake ya vitanda kumi na vinne hakuna mgonjwa aliyewahi kwenda kwao na kidonda cha kulalia. Jambo hilo hakulitangaza, lakini likitajwa mbele yake alinyoosha mgongo.

Kisha mumewe akaanguka.

Alikuwa fundi wa plasta za dari, mtu mrefu, mwembamba, maji ya kunde, ambaye hata akiwa mezani nyumbani kwake alitazama juu kukagua nyufa. Jukwaa alilosimamia liliachia upande mmoja, akaangukia mgongo juu ya rundo la matofali. Tangu siku hiyo, kuanzia kitovuni kushuka chini hakuhisi chochote. Ungeweza kumwekea kaa la moto juu ya paja, yeye akaendelea kukusimulia habari za mpira.

Alilazwa miezi mitano, kisha akarudishwa nyumbani kwenye vyumba vyao viwili nyuma ya kinu cha kusaga nafaka. Mama Geuza aliinua kitanda kwa matofali, mawili kila mguu, ili asivunjike kiuno wakati wa kumgeuza. Asubuhi alikwenda kazini. Akishaondoka alikuja wifi yake, dada mkubwa wa Fundi, kumgeuza kila baada ya saa mbili na kumlisha adhuhuri. Jioni mke alirudi, akaendelea na kazi ileile aliyoifanya tangu alfajiri, tofauti ikiwa tu kwamba huyu mgonjwa alikuwa na ruhusa ya kumtania.

"Leo umegeuza wangapi?" Fundi aliuliza.

"Kumi na wanne. Wewe wa kumi na tano."

"Mume wa kumi na tano! Na sioni hata aibu usoni mwako."

Kilichowashikilia wote wawili kilikuwa barua. Kulikuwa na kituo cha mazoezi ambako watu waliovunjika uti wa mgongo walifundishwa kujiinua kwa mikono, kuhama kutoka kitandani hadi kiti cha magurudumu, na kufanya kazi wakiwa wamekaa. Vitanda vilikuwa vichache. Barua ilisema Fundi amepata nafasi kuanzia Jumatatu ya kwanza ya mwezi ujao, kwa sharti moja: ngozi yake iwe nzima. Mwenye kidonda hapokelewi, maana hawezi kukalia kiti. Muuguzi wa kituo angekuja kumkagua Alhamisi kabla ya siku hiyo.

Fundi aliisoma barua hiyo mpaka ikalegea kwenye mikunjo. Alikuwa ameshaamua kwamba atachonga maua ya plasta, yale yanayobandikwa katikati ya dari palipo na taa. "Nitayachonga nimekaa," alisema. "Wengine watapanda juu kuyabandika. Mimi nimeshapanda vya kutosha."

Wiki tatu kabla ya ukaguzi, Mama Geuza aliona alama kwenye nyonga ya kushoto. Ilikuwa ndogo kama kifuniko cha chupa ya soda, rangi ya zambarau hafifu, na ilikuwa na joto. Hakushtuka. Alama kama hizo alizishinda mamia ya mara. Alileta spiriti na poda, akasugua.

"Taratibu basi, mke wangu," Fundi alisema, akimwona kwa pembe ya jicho jinsi bega lake linavyocheza. "Sisikii kitu, lakini kitanda kinasikia. Unanisugua kama sufuria iliyoungua."

"Nyamaza. Naita damu."

Siku ya pili alama ilikuwepo. Akasugua zaidi, asubuhi na jioni, akamwagiza na wifi yake asugue adhuhuri. Kisha akatengeneza pete: alichukua tyubu kuukuu ya gurudumu la pikipiki, akaijaza upepo kidogo, akaizungushia vipande vya shuka, akaiweka chini ya nyonga ili ule mfupa ukae katikati, hewani, bila kugusa godoro. Wodini pete za namna hiyo zilitumika zamani, na yeye alizisifu sana. Na kwa kuwa pete ilikuwepo, alifanya jambo ambalo wodini asingelifanya kamwe. Alimwambia wifi yake kwamba siku ambazo miguu inamuuma asijisumbue kuja mapema. Mgonjwa anaweza kukaa saa nne, hata tano, bila kugeuzwa, maana pete inamlinda.

"Una hakika?" wifi aliuliza.

"Wifi, mimi ndiye unayeniuliza habari za kugeuza?"

Wifi alicheka, akaomba radhi.

Alhamisi muuguzi wa kituo alifika saa nne asubuhi. Alikuwa mwanamke mfupi, wa makamo, mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa uzi. Mama Geuza alikuwa ameomba ruhusa kazini. Alikuwa ametandika shuka jeupe, na Fundi alikuwa amenyolewa ndevu, barua ikiwa chini ya mto.

"Hongera dada," muuguzi alisema alipokagua visigino. "Visigino kama vya mtoto."

"Asante. Ndiyo kazi yangu."

Wakamgeuza. Muuguzi aliona pete, akaitoa, akaiweka sakafuni. Akavaa miwani. Akabonyeza alama kwa kidole gumba, akaachia, akatazama. Akabonyeza tena. Kisha akapapasa pembeni yake, polepole, kama mtu anayetafuta kitu ndani ya godoro.

"Ina muda gani?"

"Wiki tatu. Lakini haijachubuka. Ngozi ni nzima, angalia mwenyewe. Nimesugua kila siku."

Muuguzi alivua miwani. "Dada, tutoke nje kidogo."

"Semeni hapahapa," Fundi alisema kutoka ukutani alikoelekezwa uso. "Nyonga ni yangu."

Basi muuguzi akakaa kwenye kiti, akaushika mkono wa Mama Geuza, akaubonyeza ukucha wa kidole chake cha kati. "Tazama. Umekuwa mweupe. Sasa naachia." Rangi ikarudi mara moja. "Umeona? Chini ya ukucha huo, na chini ya ngozi yote, kuna mishipa myembamba kuliko unywele. Kapilari. Ni myembamba hivi kwamba chembe za damu hupita moja moja, kama watu kwenye kichochoro. Na ukuta wake ni chembe moja tu unene wake. Hapo ndipo biashara yote inapofanyika. Damu inatoa oksijeni na sukari, nyama inapokea. Nyama inatoa taka zake, damu inazibeba. Maji yanavuja kidogo upande wa kuingilia, na mengi yanarudi upande wa kutokea, kwa sababu protini zilizobaki ndani ya damu huyavuta. Moyo unasukuma tu. Kinacholisha mwili ni vichochoro hivyo."

"Najua damu inalisha," Mama Geuza alisema.

"Unajua. Sasa mtu akilalia mfupa, vichochoro vinabanwa. Nyama pale chini inakaa na njaa, na taka zinajaa. Lakini nyama ina akili yake. Zile taka zenyewe ndizo zinazolegeza misuli midogo iliyoko kwenye milango ya kapilari. Ukimgeuza mtu, milango iko wazi, damu inaingia kwa kasi kuliko kawaida. Ndio ule wekundu na lile joto. Nyama imeshaita damu, dada. Imeita kabla yako. Ukimwacha bila kumlalisha hapo, unafifia wenyewe."

Nyuma ya ukuta kinu kilikuwa kikisaga.

"Na ukisugua?" Fundi aliuliza.

Muuguzi hakumtazama Fundi, alimtazama mkewe. "Kuta hizo ni laini mno, na wakati huo zimejaa damu. Ukisugua zinapasuka. Damu inamwagika nje ya njia. Alama nzuri ukiibonyeza inafifia, kwa sababu damu iliyomo bado inaweza kusogea. Hii nimeibonyeza mara mbili, haififii hata kidogo. Na pembeni yake pamekuwa pagumu. Ndani kumeshakufa, ngozi ya juu ndiyo haijapata habari."

"Na pete?" Mama Geuza aliuliza.

"Pete inabana mduara mzima. Inazuia damu isifike katikati. Ile nyama uliyotaka ipumzike imekaa kama kisiwa."

Mama Geuza alisimama. Sauti yake ilipanda. "Miaka ishirini na sita! Nimesugua wanaume wakati wewe ulikuwa hujajua hata kufunga bandeji. Hakuna hata mmoja aliyepata kidonda. Hata mmoja! Waliponaje hao?"

"Walipona kwa sababu uliwageuza," muuguzi alisema kwa upole. "Si kwa sababu uliwasugua."

Mama Geuza aliitazama pete pale sakafuni. Alikuwa akihesabu, si vitanda kumi na vinne, bali zile saa nne, hata tano, bila kugeuzwa, ambazo yeye mwenyewe aliziruhusu kwa kuitegemea pete.

Muuguzi aliandika kwenye fomu yake. Alisema angependa iwe vingine. Alisema nafasi haiwezi kusubiri, kuna kijana aliyegongwa na lori ambaye ngozi yake ni safi. Kidonda kikifunga, waombe upya. Alipoulizwa kitachukua muda gani, alijibu kwamba kwanza lazima kifunguke.

Kilifunguka siku ya tisa. Ngozi ilikuwa nyeusi na ngumu kama kipande cha kiatu, kisha ikalegea pembeni, na chini yake palikuwa na shimo linaloweza kumeza ngumi ya mtoto. Wifi alilisafisha mara ya kwanza, akatoka nje, akatapika karibu na ngazi. Aliporudi hakumlaumu mtu. Alisema tu, "Nilikuuliza, wifi," na baada ya hapo siku nyingi hazikuwa na mazungumzo mengine kati yao ila ya maji ya moto na pamba.

Fundi alikuwa na haki ya kusema, na Mama Geuza alingoja aseme. Alingoja wakati wa kumwosha na wakati wa kumlisha. Hatimaye alishindwa kungoja.

"Nitukane basi."

"Nikutukane nini?"

"Ni mikono yangu. Umemsikia. Ningekuacha tu, ungekuwa kituoni sasa."

"Mimi niliwahi kupiga plasta kwenye dari lenye unyevu," Fundi alisema. "Nilijua ni pakavu. Niligonga kwa kifundo cha kidole, nikasikiliza, nikaridhika. Lilianguka lote juu ya meza ya watu, wakila." Alipumua. "Sikutukani. Lakini usiniulize kama sina uchungu, maana ninao."

Hakuulizwa tena.

Kazini Mama Geuza aliwakusanya wahudumu wanne aliowafundisha, akawaambia kila kitu, pamoja na habari ya nyonga ya mumewe. Mmoja alicheka kidogo, akidhani ni utani. Spiriti ikarudishwa stoo. Aliendelea kugeuza, lakini hakunyoosha tena mgongo mtu alipotaja safu yake, na wagonjwa waliojifanya wamelala waliona siku hizi anageuza bila kuhesabu kwa sauti.

Nyumbani, ili nyonga isiguse kitu, Fundi alilazwa kifudifudi. Aliambiwa ni miezi sita, pengine zaidi. Kichwa chake kilitokeza ukingoni mwa kitanda, paji la uso likiwa limeegemea kitambaa, macho yakitazama sakafu ya saruji. Habari za maua ya dari hazikutajwa tena, wala hakuna aliyejua barua ilikokwenda.

Jioni moja mke wake alisimama hapo akikunja bandeji. Fundi hakuweza kuona uso wake. Aliona miguu tu, na alikuwa akiiona hivyo kila siku, ila siku hiyo aliitazama.

"Viatu vinakubana."

"Haviko hivyo siku zote. Nimesimama sana leo."

Alishusha mkono wake mrefu, akabonyeza kidole gumba juu ya kifundo cha mguu wa mkewe, akaachia. Shimo likabaki palepale, dogo, la mviringo, bila kujaa. Maji yaliyovuja kwa siku nzima ya kusimama yalikuwa yamekosa njia ya kurudi.

"Haijai," alisema.

"Itajaa. Niache nimalize."

"Kaa chini, mke wangu."

"Nani atamaliza?"

Fundi aliendelea kuushika mguu ule kwa mkono mmoja, bila kuusugua, naye mkewe akaendelea kukunja bandeji akiwa amesimama.